Sufuria Mbili za Bonao

Mama alinunua kiwanja hiki cha Bonao
kwa hesabu ya tumbo: basi litoke Santo Domingo,
litoke Santiago, njaa hulikuta hapa.
Kusini kwetu mji mkuu, watu wa bluu.
Kaskazini Santiago, watu wa njano.
Sisi katikati, nyama ndani ya mkate,
na nyama, alisema mama, haiulizwi iko upande gani.

Alikuwa na sufuria mbili.
Wali ule ule, maharagwe yale yale, mbuzi yule yule,
ila mifuniko aliipaka rangi,
maana mtu wa njano hali kilichofunikwa kwa bluu
hata kama hajatia kitu mdomoni tangu jana.
"Huu ni ujinga," nikamwambia. Nilikuwa darasa la tatu.
"Huu ni mtaji," akasema, akanipa mwiko.

Kuanzia Oktoba mpaka Januari hatukulala.
Besiboli ilishuka mlangoni kwetu na matarumbeta,
wakitupiana maneno juu ya sahani:

    Tai wenu hana bawa, ameshuka kula taka!
    Chui wenu, twaelewa, ni paka aliyepaka!

Mmoja akirusha mfupa,
mama hunyanyua kisu cha kumenyea mihogo.
Wote hukaa.

Kwa kisu hicho hicho aliandika.
Kusoma hakujua; kuhesabu alijua.
Mlango wa stoo wote umechanjwa chale,
kushoto ushindi wa bluu, kulia wa njano,
tangu enzi za redio ya Leocadio fundi viatu,
iliyokufa (redio, si Leocadio) katika mzunguko wa tisa
mpira ukiwa hewani,
na mpaka leo wapo wanaobishana ulipoangukia.
Upande wa kushoto mchwa wameanza kula.
Wa bluu wanasema ni hujuma.

Fremio Santelises alikuja usiku wa Jumanne, peke yake,
kola ya shati imesimama hadi masikioni.
Mzaliwa wa Santiago. Misimu minane alirusha kwa njano,
mama yake akimfulia jezi kwa mkono,
kisha mji mkuu ukaleta hundi.
Wiki ile ile walichoma picha zake kwenye jiko letu;
mimi ndiye niliyezoa majivu.
Mama akamwuliza, "Sufuria ipi?"
Akaitazama mifuniko muda mrefu,
akatikisa kichwa kidogo,
kama mrushaji anayekataa ishara ya mdakaji.
"Yoyote."
Mama akampakulia kutoka zote mbili.
Alipomaliza akaenda mlangoni, akapitisha kidole.
"Hizi zangu. Na hizi zangu pia.
Kumi na nne huku, sita huku. Nikijumlisha..."
Hakujumlisha.
Aliacha noti kubwa, hakungoja chenji.

Siku hizi barabara ni pana, mabasi yana viyoyozi,
mengi yanapita bila hata kupunguza mwendo.
Vijana wanaosimama hutukanana kwa simu
wakiwa meza moja, kimya, vidole tu.
Naona mfupa ulikuwa na heshima zaidi.

Mama alikufa Februari, msimu umekwisha.
Hakutaka kuharibu biashara.

Majuzi umeme ulikatika.
Nikapapasa mlango wa stoo nikitafuta kitasa,
na vidole vikasoma kitu ambacho macho
yamekitazama miaka arobaini yasikione:
upande mmoja kisu kimegusa tu, kama anayepiga hodi.
Upande wa pili kimezama.
Kila chale kimezama, hadi ya kwanza kabisa kule juu,
aliyoikata kabla sijazaliwa.

Usiniulize upi.
Basi la njano linapiga honi, la bluu liko nyuma yake,
na kuna mfuniko mmoja siuoni.